Kura ya Shule Inapotelea Kwenye Bahasha

Hotuba kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Phoenix, Arizona

Shikamooni wazee wetu. Hamjambo kina mama na kina baba, na vijana mliokubali kushika watoto huko nyuma ili wazazi wasikilize. Wa Uvira na Fizi, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Mombasa, na wale ambao mkiulizwa kwenu ni wapi mnaanza na Nyarugusu au Kakuma, karibuni wote.

Tuanze na hesabu. Novemba 2022 wapiga kura wa Arizona walimchagua Msimamizi Mkuu wa Shule za Umma. Kura zilikaribia milioni mbili na nusu. Tom Horne wa chama cha Republican akampita Kathy Hoffman wa Democratic, aliyekuwa madarakani, kwa kura 8,967. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Sheria mpya ya mwaka huohuo ilisema ikiwa nusu ya asilimia au chini, kura zihesabiwe tena bila mtu yeyote kuomba. Zikahesabiwa, na tofauti ikawa 9,188. Mbio za Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndizo zilizotisha zaidi: tofauti ya 511 iliporudiwa kuhesabiwa ikashuka hadi 280. Kura 280 ni watu wa harusi moja tu ya kwetu, tena harusi isiyo kubwa.

Hatukuja kuwaambia mchague nani. Tumekuja kwa jambo moja. Kura ya shule katika jamii yetu haipotei kwa sababu watu hawawajui wagombea. Inapotea mapema zaidi, kwenye makaratasi: leseni ya udereva, sahihi, anwani ya zamani, bahasha ya mke aliyoitia sahihi mume. Tutayapitia moja moja. Ila kwanza tujue huyo Msimamizi Mkuu ni nani, kwa sababu mtu hasumbukii karatasi ya kitu asichokijua faida yake.

Tulikotoka, mkuu wa elimu ni waziri, na waziri anateuliwa na rais. Asubuhi unasikia redioni fulani ametolewa, fulani ameingia. Huku, majimbo 12 kati ya 50 humchagua mtu huyu kwa kura za wananchi, na Arizona ni mojawapo. Kiti chake kimo ndani ya katiba ya jimbo tangu Arizona ilipokuwa jimbo mwaka 1912. Anakaa miaka minne, na hawezi kuzidisha vipindi viwili mfululizo. Anayegombea awe na umri wa miaka 25, awe raia wa Marekani kwa miaka 10 na mkazi wa Arizona kwa miaka 5. Hakuna sharti la kuwa mwalimu. Na kama mnaona ajabu kupigia kura mkuu wa shule, Arizona inampigia kura hata mkaguzi wa migodi.

Kiti chenyewe ni cha moto. Mwaka 2014 John Huppenthal, akiwa madarakani, aliangushwa na chama chake mwenyewe kwenye mchujo. Aliyemwangusha, Diane Douglas, naye akaangushwa kwenye mchujo wa 2018. Aliyefuata, Hoffman, akaangushwa 2022. Watatu mfululizo waligombea wakiwa kitini, wakatoka.

Sababu moja ya watu kuchoka nao ni kwamba wagombea huahidi mambo ambayo kalamu yake hawaishiki. Douglas ni mfano mzuri. Aliingia na ahadi moja kubwa: kuondoa mitaala ya Common Core, yaani viwango vya pamoja vya hesabu na Kiingereza vilivyokubaliwa na majimbo mengi. Alipofika ofisini akakuta mitaala si yake, ni ya Bodi ya Elimu ya Jimbo. Bodi ina watu 11. Msimamizi Mkuu ni mmoja wao, na kura yake ni moja. Wale 10 wanateuliwa na gavana. Februari 2015 Douglas akawafukuza kazi watumishi wawili wa juu wa Bodi. Gavana akasema huna mamlaka hayo, akawarudisha. Wakafikishana mahakamani, na Bodi ikafungasha vitu ikahama jengo la idara. Hatimaye ni Bodi, si yeye, iliyopiga kura Oktoba 2015 kuachana na Common Core, na mitaala iliyorekebishwa ikapitishwa Desemba 2016. Kwa hiyo mgombea akikuambia "nitaondoa hiki, nitaleta kile", muulize: kwa kalamu ya nani?

Pesa za shule hupangwa na Bunge la jimbo. Mwalimu wa mtoto wako, basi la shule, kalenda, kufunga shule isiyo na wanafunzi wa kutosha, hayo ni ya bodi ya wilaya yako ya shule, ambayo nayo huchaguliwa na mara nyingi ina watu watano. Shule za mkataba (charter), yaani za umma zisizo chini ya wilaya, zina bodi yao ya jimbo inayozipa leseni. Tena kila moja ya kaunti 15 ina msimamizi wake wa shule, anayechaguliwa pia, na jina la cheo chake linafanana sana na la huyu tunayemzungumzia. Msiwachanganye kwenye karatasi ya kura. Kila siku kuna mzazi anayepiga simu ofisi ya jimbo kulalamikia basi lililochelewa, anajibiwa kwa upole, anakata simu akiamini amedharauliwa. Hakudharauliwa, aligonga mlango usio wake.

Basi huyu anafanya nini? Anaendesha Idara ya Elimu ya Arizona. Idara ndiyo inayogawa pesa za jimbo kwa wilaya na shule za mkataba, inayopokea pesa za serikali kuu za watoto wa familia maskini, watoto wenye ulemavu na wanaojifunza Kiingereza, inayokusanya takwimu, inayoandika fomu na miongozo ambayo shule yako lazima iitumie. Neno "fomu" linachosha, lakini hapo ndipo mamlaka yake yanapoingia sebuleni kwako.

Chukueni ile karatasi mnayopewa siku ya kumwandikisha mtoto, inayouliza lugha. Ina maswali matatu. Nyumbani kwenu mnatumia lugha gani zaidi, hata kama mtoto mwenyewe haisemi? Mtoto anasema lugha gani mara nyingi? Lugha gani aliijua kwanza? Jibu lolote kati ya hayo likiwa si Kiingereza, mtoto anapewa mtihani uitwao AZELLA, na akionekana Kiingereza hakijamkaa sawa, shule inawajibika kumpa msaada, na wewe unaletewa barua ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze. Mwaka 2009 idara, ikiongozwa na Horne kwa mara yake ya kwanza, iliyapunguza maswali hayo matatu yakawa moja: lugha kuu ya mwanafunzi ni ipi? Serikali kuu ikachunguza, ikasema watoto wanaachwa nje, na mwaka 2011 matatu yakarudi. Hakuna bunge lililopiga kura, hakuna sheria iliyotungwa. Fomu tu.

Na hapa wazazi nasi tuna letu. Wengi huandika "Kiingereza" mahali pote matatu, kwa kudhani mtoto ataonekana mwerevu au atakwepa kutengwa. Matokeo yake hapewi mtihani, hapewi msaada, na darasa la tano anasemwa ni mvivu. Andikeni ukweli. Tena andikeni lugha yenyewe: kama nyumbani ni Kibembe au Kifuliiru na Kiswahili ni cha kuongea na majirani, semeni hivyo. Kama ni Kinyamulenge, msikubali karani aandike "Kiswahili" kwa kuwa ndiyo lugha pekee ya Congo anayoijua, maana mkalimani atakayeitwa siku ya kikao atafuata kilichoandikwa pale. Na shule ikiita kikao, mkalimani ni jukumu la shule. Mtoto wa miaka kumi asitafsiri kesi yake mwenyewe. Huwa anaitafsiri kwa faida yake.

Kuhusu msaada wenyewe, hapa ndipo wagombea wanapotofautiana kwelikweli, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mwaka 2000 wananchi wa Arizona walipitisha sheria ya Pendekezo 203, kwamba watoto wasiojua Kiingereza wafundishwe kwa Kiingereza, kwa njia ya kuzamishwa. Baadaye, kuanzia mwaka wa masomo 2008, ikawa saa nne kila siku za Kiingereza peke yake, watoto hao wakikaa pamoja, mbali na wenzao. Sekondari iliwaumiza zaidi: saa nne za Kiingereza ni saa nne bila hesabu na sayansi, na bila masomo hayo hakuna cheti. Mwaka 2019 Bunge likapunguza muda huo karibu nusu, na Bodi ikaruhusu mifumo kadhaa, mmojawapo ukiwa wa kufundisha nusu kwa Kiingereza na nusu kwa lugha nyingine. Horne aliporudi madarakani alisema mfumo huo unavunja sheria ya mwaka 2000, akazishtaki wilaya kadhaa mwaka 2023. Jaji akaitupa kesi Machi 2024. Hoffman alitaka sheria yenyewe ya 2000 ifutwe. Hayo ni maoni mawili yaliyo mbali, yote yana watu wenye akili nyuma yao, na ofisi hii moja ndiyo inayoamua idara itasukuma upande gani. Mgombea akija hapa, swali la kumuuliza ni hili: mtoto wa miaka 15 aliyefika mwaka huu kutoka kambini, asiyejua Kiingereza, atamalizaje masomo yanayotakiwa kwa cheti kabla hajafikisha umri wa kutolewa shule? Msikubali jibu la "tunawapenda watoto wote".

Jambo la pili lililo mikononi mwa Msimamizi Mkuu ni akaunti za ESA, yaani pesa za jimbo za kulipia shule binafsi au masomo ya nyumbani. Zilianza 2011 kwa watoto wenye ulemavu. Mwaka 2018 wananchi walikataa kuzipanua, tena kwa kishindo. Mwaka 2022 Bunge likazifungua kwa kila mtoto wa jimbo, na watumiaji wakapanda kutoka kama 12,000 hadi zaidi ya 75,000 ndani ya miaka miwili. Mtoto asiye na ulemavu hupata kama dola 7,000 hivi kwa mwaka, mwenye ulemavu hupata zaidi, kulingana na hali yake. Pesa hazipiti kwa mzazi mfukoni; zinaingia kwenye akaunti kwa awamu na risiti hukaguliwa na idara. Kilichonunuliwa kisichoruhusiwa, unakirudisha kwa pesa.

Tunalitaja kwa sababu kuna watu wanapita mitaani kwetu wakisema "serikali inatoa elfu saba, weka sahihi". Kabla ya sahihi, mjue mambo mawili. Ule ni mkataba, na ndani yake unaiondolea wilaya jukumu la kumfundisha mtoto wako. Kama mtoto ana ulemavu na alikuwa na mpango wake maalumu shuleni, haki alizokuwa nazo dhidi ya wilaya hazimfuati katika shule binafsi. La pili, shule binafsi inaweza kumkataa mtoto, na inaweza kutoza ada kubwa kuliko ulichopewa. Familia nyingine zimefaidika na mpango huu, hasa za watoto waliokuwa wanateseka shuleni. Nyingine zimesaini Agosti, zikarudi kugonga mlango wa wilaya Januari. Jinsi idara inavyokagua, inavyojibu simu, na kama inajibu kwa lugha unayoielewa, hayo yote ni ya Msimamizi Mkuu.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Uchaguzi ni wa hatua mbili. Kwanza mchujo wa vyama, wakati wa joto. Mwaka 2022 ulikuwa 2 Agosti, mwaka 2024 ukawa 30 Julai. Tarehe husogezwa, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kaunti. Watu wetu wengi huuruka, wakisema "tutapiga ile kubwa". Tazameni mchujo wa Republican wa 2018: wagombea watano, kura zikagawanyika karibu sawa, na mshindi, Frank Riggs, hakufikisha hata robo. Alimzidi wa pili kwa kura zisizofika 400 katika jimbo zima. Arizona haina duru ya pili ya kuwashindanisha wawili wa juu. Anayeongoza ndiye amepita. Kama hujajiandikisha na chama chochote, una haki ya kupiga kura kwenye mchujo wa chama kimoja, ila hiyo karatasi haiji yenyewe nyumbani. Lazima uiambie kaunti unataka ya chama kipi. Usiposema, unasubiri bahasha isiyokuja.

Hatua ya pili ni Jumanne, 3 Novemba 2026. Kujiandikisha mwisho ni siku 29 kabla, yaani 5 Oktoba. Kura za mapema zinaanza siku 27 kabla, 7 Oktoba.

Kujiandikisha. Tusemeni hili taratibu, kwa sababu ndilo linalotuumiza kuliko mengine yote. Arizona inataka ushahidi wa uraia. Usipouleta, bado unaweza kuandikishwa kwa fomu ya serikali kuu, lakini unakuwa mpiga kura wa serikali kuu peke yake: karatasi yako itakuwa na rais, seneta wa Marekani na mbunge wa Marekani, basi. Gavana hayumo. Bodi ya wilaya haimo. Msimamizi Mkuu wa Shule hayumo. Mtu anatoka kituoni akiwa na kibandiko kifuani, akiamini amepigia kura shule, kumbe karatasi yake haikuwa na shule.

Inatokeaje? Mara nyingi hivi. Ulipata leseni ya udereva ukiwa bado na hadhi ya mkimbizi au ukaazi wa kudumu. Kwenye kompyuta ya ofisi ya leseni umeandikwa si raia. Miaka mitano ikapita, ukaapa, ukapewa cheti cha uraia, mkapiga picha na bendera, cheti kikaingia kwenye sanduku. Ukaenda kujiandikisha ukaandika namba ya leseni. Kaunti inaangalia namba, inaambiwa "si raia". Dawa ni rahisi: siku ya kujiandikisha andika namba iliyoko kwenye cheti chako cha uraia katika nafasi yake kwenye fomu, na wiki hiyohiyo nenda ofisi ya leseni na cheti mkononi wabadilishe kumbukumbu yako. Wasiliana na kaunti kisha uulize swali moja: mimi ni mpiga kura wa karatasi nzima, au wa serikali kuu peke yake?

Majina. Jina kwenye fomu liwe lile la cheti, kwa mpangilio uleule. Sisi tuna watu wenye majina matatu ambayo kambini yaliandikwa la mwisho mwanzo, uwanja wa ndege yakaandikwa vingine, na kwenye hifadhi ya jamii yakaunganishwa. Ongeza na ile tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari waliyopewa nusu ya waliomo humu ndani. Mashine ikitafuta majina mawili yanayofanana yenye tarehe moja, inachanganya. Ulibadilisha jina siku ya kuapa? Badilisha kila mahali kabla ya Oktoba.

Ambaye hajawa raia, tunakusihi: usijiandikishe, usisaini fomu ya mpiga kura hata kijana wa sokoni akikuambia ni ya msaada. Kujidai raia kunaweza kukufungia uraia maisha yako yote na kukufukuzisha nchini. Na raia, nanyi mna kosa lenu. Mkipata karatasi ya kuitwa kwenye juri ya mahakama, mtu anatia alama "si raia" ili asipoteze siku ya kazi. Mahakama inaipelekea kaunti taarifa hiyo, na jina lako linaingia kwenye njia ya kufutwa kwenye daftari. Omba kuahirishiwa, au eleza kwamba Kiingereza hakitoshi, lakini usiukane uraia ulioutafuta kwa miaka.

Anwani. Tunahama sana, kodi ikipanda tunahama. Sasa sikieni: posta ikikuhamishia barua zako zote kwenda nyumba mpya, karatasi ya kura haiihamishi. Inarudishwa kaunti, na jina lako linawekewa alama. Kwa hiyo kubadili anwani posta hakutoshi. Badili na kaunti.

Bahasha. Ukipiga kura kwa posta, utapata karatasi ya kura na bahasha ya kurudishia yenye mahali pa sahihi. Jaza kiduara chote kwa kalamu nyeusi au ya bluu. Nyekundu hapana. Usitie alama ya vema, usikate mstari. Ukikosea, usifute; omba karatasi nyingine. Geuza upande wa pili, kwa sababu kura za mambo mengi ziko nyuma. Kisha saini bahasha mwenyewe, sahihi ileile iliyoko kwenye leseni au kwenye fomu yako, na uandike namba ya simu inayopokelewa.

Mtu wa kaunti atakaa mbele ya kompyuta, upande mmoja sahihi ya bahasha, upande wa pili sahihi za zamani, naye anatazama urefu wa herufi, mteremko, zinavyoungana. Ya mama aliyekuwa anatia kidole na sasa amejifunza kuandika jina lake itaonekana ya mtu mwingine. Ya baba iliyosainiwa na binti yake kwa sababu "yeye ndiye anajua Kiingereza" itakataliwa, tena ni kosa la jinai. Na kosa la kila uchaguzi ni la mume na mke kubadilishana bahasha: wote wawili wamesaini, kila mmoja bahasha ya mwenzake, zote mbili zinasimamishwa. Meza moja, kalamu moja, lakini bahasha mmoja amalize kabla mwingine hajaanza. Kaunti ikiona shida itapiga simu au kuandika, na una siku tano tu baada ya uchaguzi za kurekebisha. Simu hiyo inakuja kwa namba usiyoijua. Sisi wote hatupokei namba tusizozijua. Wiki ile, pokeeni.

Karatasi lazima ifike kaunti kabla ya saa moja jioni siku ya uchaguzi. Kufika, si kupigwa muhuri wa posta. Kwa hiyo posta iwe angalau wiki moja kabla. Ukichelewa, itumbukize mwenyewe kwenye sanduku rasmi au kituoni. Na mjue kwamba zinazoletwa siku ya mwisho huhesabiwa mwisho, kwa sababu sahihi zake zinakaguliwa kwanza. Kaunti ya Maricopa mwaka 2022 ilipokea bahasha kama 290,000 siku moja hiyo. Ndiyo maana matokeo ya mbio za karibu huchukua siku nyingi. Mkiona kwenye WhatsApp kwamba kuchelewa ni wizi, kumbukeni mtu yule na kompyuta yake.

Hili ni la viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vya jamii. Tuna desturi njema ya kusaidiana: mchungaji anapita na gari, anakusanya. Kwa bahasha za kura, msifanye. Sheria ya 2016 ya Arizona inamruhusu mtu wa familia, wa nyumba moja, au anayemhudumia mgonjwa tu kupeleka bahasha ya mwingine. Mwingine yeyote ni kosa kubwa la jinai, hata nia ikiwa safi, na Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha sheria hiyo isimame mwaka 2021. Mpelekeni mtu na bahasha yake. Bahasha peke yake msiibebe.

Wanaopendelea kituoni: Maricopa na Pima unaweza kwenda kituo chochote ndani ya kaunti yako. Beba kitambulisho chenye picha, jina na anwani inayolingana na daftari. Kama anwani hailingani, ongeza bili ya maji au umeme au hati nyingine inayokubalika. Karatasi hazina Kiswahili. Maricopa zina Kiingereza na Kihispania. Asiyesoma lugha hizo ana haki, kwa sheria ya nchi nzima, ya kuingia na mtu anayemwamini amsomee. Mtu huyo asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi, na hapa Arizona asiwe mgombea. Mwanao mkubwa anafaa. Anasoma, wewe unasema, yeye anaonyesha mahali, wewe unajaza. Ndani ya futi 75 za kituo hakuna kampeni na hakuna picha, kwa hiyo simu ikae mfukoni.

Kuhusu kuwajua wagombea, tutapita haraka. Tume ya jimbo ya uchaguzi safi hutuma kijitabu chenye maelezo ya wagombea na huandaa midahalo, ya nafasi hii ikiwamo. Mgombea anayetaka kutumia pesa za tume hiyo lazima kwanza akusanye michango 1,500 ya dola tano tano kutoka kwa wapiga kura walioandikishwa. Dola tano na sahihi. Mgombea anayezihitaji 1,500 ana sababu ya kuja kwenye ukumbi kama huu na kusikiliza swali la mtoto wa miaka 15, ilimradi waliomo wameandikishwa.

Na wasio raia msiondoke mkidhani hayawahusu. Mikutano ya bodi ya wilaya iko wazi kwa kila mtu, na inapotolewa nafasi ya wananchi kuzungumza, mzazi hasemi pale kwa sababu ni raia. Anasema kwa sababu ni mzazi. Dakika ni chache, mara nyingi mbili au tatu, kwa hiyo nendeni na jambo moja lililoandikwa.

Pale mezani kuna fomu za kujiandikisha na kalamu nyeusi. Waliokuja na cheti cha uraia waanze mstari wa kushoto. Tutaangalia namba ya cheti, jina na anwani kabla hujasaini. Waliokuja na leseni peke yake, na waliapa baada ya kupewa leseni hiyo, leo wasijaze. Chukueni fomu, mwende nayo nyumbani hadi kwenye lile sanduku.